Musau wa Ndolo na Giza la Shauri Moyo

Mchungaji, wazee wa kanisa, wenzake marehemu wa kazini, majirani wa Mowlem na wa Shauri Moyo, na nyinyi wa Majengo mliovuka barabara kuja kutusindikiza, tulieni kidogo, kwa maana magari ya kwenda Ekalakala kumzika yanaondoka saa tano na maneno haya lazima yasomwe hapa Nairobi, mahali mambo yalipoharibika, anayesoma ni Nzembi, kifungua mimba wa marehemu, aliyeandika ni shangazi yake Kathini, dada mkubwa wa marehemu, na Nzembi ameahidi kusoma yote, hata pale atakapotamani kuruka mstari. Mnajua pia, kwa sababu hakuna asiyejua, kwamba mjane, Mbinya, amesema yule mwanamke aliyesimama nje ya geti akiingia, yeye haingii kwenye gari la familia, basi mwanamke na asimame hapo kwanza, historia ikiisha tutajua nani anapanda na nani anabaki.

Musau wa Ndolo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1943, mtoto wa mwisho wa mzee Ndolo, kando ya mto Tana, katika kijiji ambacho leo ukitaka kukikanyaga itabidi uogelee, kwa kuwa tangu mwaka 1981 kiko chini ya maji ya bwawa la Masinga. Kathini alikuwa na miaka saba, akamchukua mgongoni, na mama yao, ambaye Nzembi amebeba jina lake, alipofariki mwezi Machi 1951, Musau alilishwa kwa mkono wa Kathini, akafuliwa na Kathini, akachapwa na Kathini, jambo ambalo Kathini hajawahi kuwaruhusu watu kulisahau.

Aliingia shule ya misheni Januari 1952, akamaliza darasa la nane mwaka 1959, namba mbili katika darasa zima, na Kathini, aliyeishia darasa la tatu, ndiye aliyelipa karo, kwanza kwa kusuka vyondo, kisha, baada ya kuolewa na dereva na kuja Shauri Moyo mwaka 1956, kwa kuuza sahani za bati sokoni Gikomba. Tarehe 3 Septemba 1962, siku ya Jumatatu, Musau aliandikwa kazi katika kampuni ya stima, akichimba mashimo ya nguzo, mwaka 1965 akaanza kupanda nguzo hizo, na mwaka 1974, baada ya mitihani mitatu, akaingia ndani ya kile chumba kikubwa kando ya Juja Road ambamo nchi nzima imechorwa ukutani kwa taa ndogo ndogo, na hapo ndipo alipofanyia kazi mpaka mwisho, ukiondoa majuma kumi na mawili ambayo tutayafikia.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na Mbinya, binti wa Kangundo, karani wa baraza la mji, mweupe kiasi, mwenye mwandiko mzuri na shingo ndefu ya kuangalia watu kutoka juu, mama yake Mbinya akapewa mbuzi, blanketi mbili na sufuria kubwa, Kathini aliyemlea bwana harusi akapewa leso moja, na leso yenyewe ilichuja rangi mara ya kwanza ilipofuliwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Nzembi mwaka 1972, Ndolo mwaka 1975 na Mutisya mwaka 1979, na mwaka 1989 wakahamia nyumba yao wenyewe Mowlem, yenye choo cha ndani na sofa za maua ambazo Mbinya huzifunika vitambaa hata wifi yake akija, sijui zinamngoja nani.

Kwa wale wanaodhani kazi ya marehemu ilikuwa kubonyeza swichi kama mtu anayewasha redio, yeye mwenyewe alimfafanulia Kathini Jumapili moja ya mwaka 1990, akiwa Shauri Moyo na sahani ya muthokoi mapajani, akasema, "Dada, stima si maharagwe, huwezi kuitia guniani, inayotengenezwa dakika hii inaliwa dakika hii, kinachowekwa akiba ni maji." Bwawa la Masinga ndilo ghala, mvua ya Mlima Kenya na Nyandarua inawekwa pale, na yakifunguliwa, maji hayo yanazungusha mitambo ya Masinga, yanashuka Kamburu, yanashuka Gitaru, kisha Kindaruma, kisha Kiambere, maji yale yale yakifanya kazi mara tano kabla ya kujiendea baharini, kwa hiyo mtu akiyafungua ovyo kule juu amepoteza mara tano. Ghala likipungua kuna jirani, ambaye ni Uganda, pale Nile inapotoka ziwani, na ziwa lile halikauki upesi kama Tana, waya ulivutwa tangu enzi za mkoloni ukipitia Tororo, nao wakiwa na ziada saa ambazo watu wao wamelala wanatuuzia, sisi tunayapumzisha maji yetu, halafu jioni, kuanzia saa moja mpaka saa tatu, kila nyumba inapowasha taa na pasi kwa pamoja, ghala linafunguliwa, na siku wakipungukiwa wao, sisi ndio tunaowapelekea.

"Ni kama Gikomba basi," Kathini alisema.

"Ni Gikomba kabisa, dada, ila bei imeshaandikwa kwenye mkataba na wakubwa, sisi wa zamu tunapatana saa na kiasi tu, mimi nasema kwenye simu, mwenzangu Wekulo wa Jinja anarudia nilichosema, naandika, naye anaandika, tangu mwaka 1979, na sijawahi kumwona uso."

Akaeleza pia kwamba ukutani kuna mshale unaotakiwa kukaa kwenye hamsini, watu wakivuta kuliko mitambo inavyotoa, mshale unashuka, na ukishuka sana mitambo inajizima yenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka Kampala, ndiyo maana mtu wa zamu hukata mtaa mmoja kuokoa nchi mbili. Katika somo lote hilo, lililochukua sahani mbili za muthokoi, Kathini alishika neno moja tu, kwamba mtoto aliyembeba mgongoni ndiye anayechagua mtaa gani ulale gizani, akajisemea moyoni kwamba nyumba yake haitaguswa milele, akawatangazia na majirani.

Mwaka 1995 Kathini alinunua friji ya mitumba, nyeupe, yenye kutu mguuni, akaanza kuwauzia watoto wa shule barafu za maji ya rangi, na biashara ilikwenda vizuri kuliko sahani. Kisha mvua za mwisho wa mwaka 1996 zikakosekana, Masinga ikashuka mpaka visiki vya miembe yetu ya zamani vikaonekana, Uganda nao walikuwa na mahitaji yao, na Februari 1997 stima ikaanza kugawiwa kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho. Shauri Moyo ilikatwa siku ya kwanza, ikakatwa ya tatu, ikakatwa ya nne, barafu za Kathini zikawa juisi ya moto, na wakati huo huo, ng'ambo ya barabara, Majengo, safu moja ya nyumba ilikuwa inawaka kama harusi, na mwishoni mwa safu hiyo palikuwa na duka la maziwa la Batulo.

Batulo huyu ndiye aliyesimama nje ya geti, mjane wa Kisomali, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, mrefu, ananukia udi, mwenye meno mazuri ambayo hakuna aliyemlazimisha kuyaonesha kila mara, na friji yake ina mlango wa kioo. Watoto waliokuwa wakinunua barafu kwa Kathini walianza kuvuka barabara kununua maziwa baridi, na kilichomuuma zaidi Kathini, kuliko watoto, ni kwamba kila Ijumaa baada ya zamu ya mchana Musau mwenyewe alionekana dukani humo, ameketi kwenye kreti, anakunywa kitu kwenye kikombe, anacheka, kisha anapita nyumbani kwa dada yake, anakaa dakika kumi na kusema ameshiba.

Basi Kathini akapiga hesabu zake, akakodi chumba Majengo, mlango wa tatu kutoka kwa Batulo, upande ule ule unaowaka, na Jumatatu tarehe 3 Machi 1997 akabebesha friji kwenye mkokoteni, akavuka nayo barabara mchana kweupe, akaichomeka, ikanguruma, akaketi mbele yake kama mtu anayesubiri uji uive. Saa moja jioni ikanyamaza. Kathini akatoka nje na koroboi mkononi, akatazama kulia, giza, akatazama kushoto, milango mitatu tu, kwa Batulo taa zinawaka na mtu anamimina maziwa, akasema kwa sauti, "Ameniona," akiamini kwamba Musau, kule Juja Road, katika ukuta wa nchi nzima, alikuwa ameiona friji moja ya dada yake ikihama, na akaizima kwa mkono wake.

Kesho yake, kwenye foleni ya mfereji Shauri Moyo, wanawake walikuwa wakilalamikia ukame, na mmoja akamwambia Kathini, "Pole, mama, hata wewe wa jamaa ya stima," na Kathini, ambaye hakuwa amelala kwa wivu, akaweka mtungi chini.

"Ukame gani? Ukame unachagua milango?"

"Kwani ni nini basi?"

"Mwulizeni Musau anakunywa nini kwa Batulo kila Ijumaa, halafu mje mniambie stima ya Shauri Moyo inakwenda wapi."

"Eh, ndugu yako wa tumbo moja?"

"Lisemwalo lipo," Kathini akasema, akajitwika mtungi wake na kuondoka, na Mungu amsamehe, siku ile mtungi ulikuwa mwepesi.

Maneno yale hayakuhitaji nguzo wala waya, Alhamisi yalikuwa yamefika Gikomba na Musau ameshamwoa Batulo msikitini, Jumamosi yalifika Mowlem na wana mtoto wa darasa la pili, Jumapili Mbinya aliyapokea akiwa katikati ya kwaya, na juma lililofuata barua isiyo na jina ilifika ofisini kwa wakubwa wake Musau, ikisema anauza stima ya mtaa mmoja kwa sababu ya mwanamke wa mtaa mwingine. Barua hiyo Kathini hakuiandika, mwandiko wake watu wanaujua, lakini kila kilichokuwa ndani yake kilitoka mdomoni mwake. Wakubwa walifanya walivyopaswa kufanya, wakamtoa chumbani mpaka uchunguzi uishe, na kuanzia tarehe 24 Machi mpaka tarehe 13 Juni 1997 Musau, aliyekuwa akiongoza maji ya mto mzima, alikaa stoo akihesabu vikombe vya kauri vya kufungia waya nguzoni, na nyumbani kwake Mowlem Mbinya alihamisha mto wake wa kulalia hadi chumba cha watoto, na haukurudi.

Uchunguzi ulipofunguliwa, ramani zilitandazwa mezani, ikaonekana kwamba waya wa stima haufuati barabara kama tunavyozifuata sisi, safu ya Batulo imeangikwa kwenye waya wa hospitali ya akina mama kujifungua, na waya huo haukatwi hata Masinga ikibaki tope, lakini chumba alichokodi Kathini, mlango wa tatu, kilikuwa kimeangikwa kwenye transfoma ya Shauri Moyo, kwa hiyo Kathini alilipa kodi ya mwezi mzima ili kulihamishia giza lake ng'ambo ya barabara. Ikatolewa pia orodha ya mitaa ya kukatwa, kwa mkono wa Musau mwenyewe, wa kwanza Mowlem, ambako alikuwa analala, wa pili Shauri Moyo, ambako anakaa dada yake, na alipoulizwa kwa nini amepanga hivyo alijibu kwamba anayegawa giza na aanzie kwake, asije akasemwa. Akarudishwa kazini kwa heshima, wenzake wakampigia makofi, Wekulo akapiga simu kutoka Jinja kumkaribisha, lakini Mbinya, alipooneshwa barua ya kumsafisha, alisema, "Karatasi ya ofisini haiwezi kuniambia alikuwa anakunywa nini Ijumaa," na Kathini, aliyekuwepo sebuleni, ameketi juu ya vitambaa vya sofa, hakusema neno hilo lilizaliwa wapi.

Oktoba 1997 mvua kubwa zikaanza, zile ambazo nyote mnazikumbuka kwa sababu zilibomoa nyumba na barabara, Masinga ikajaa mpaka ikamwagika, stima ikawaka kila mtaa, lakini kufikia hapo Musau alikuwa ameanza kuumwa, kidonda cha mguu kilichokataa kupona, kisha macho, kisha figo, akalazwa tarehe 9 Januari 1998. Daktari aliwaambia jamaa kwamba ni ugonjwa wa sukari, na kwamba mgonjwa alijua tangu mwaka 1994, na kadi yake ya kliniki ilipopatikana kwenye mfuko wa koti la kazi, pale mahali pa mtu wa kujulishwa palikuwa pameandikwa Batulo, duka la maziwa, Majengo. Ni kadi hiyo iliyomfanya Mbinya aseme hayo aliyoyasema kuhusu geti, na tusimlaumu, hata Kathini alipoiona alilalamika moyoni kwamba alimbeba, alimlisha, alimsomesha, na kwenye karatasi ya uhai wake akaandikwa muuza maziwa.

Jumanne iliyopita Kathini alivuka barabara, hakwenda kwa amani, alikwenda kugombana, akamkuta Batulo ameketi chini, duka limefungwa.

"Nataka kujua ndugu yangu alikuwa anakunywa nini hapa."

"Maziwa ya ngamia, mama Kathini, bila sukari. Marehemu mume wangu alikufa na ugonjwa huo huo, nilimtambua Musau kwa kiu yake, nikamwambia nenda hospitali, akaenda. Wakaweka jina langu kwa sababu duka lina simu."

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Alinikanya. Alisema kazini wakijua watamtoa kwenye zamu, mkewe akijua atalia, na wewe ukijua, Nairobi nzima itajua."

Kathini akapewa chai, akainywa yote, na hata wakati huo alitazama ile friji ya mlango wa kioo.

Linabaki jambo moja, na Nzembi, mwanangu, usiliruke. Jumapili tarehe 15 Februari 1998, saa za kutembelea wagonjwa, Musau alimwomba Mbinya atoke akatafute maji ya kunywa, akabaki na Kathini, akamwuliza, "Dada, yale maneno ya mwaka jana, yalianzia kwako?" Kathini akasema, "Yaanzie kwangu vipi, na wewe nilikubeba?" Akasema, "Nauliza tu, Mbinya hanisemeshi, nikijua yalikoanzia nitajua nimweleze nini." Kathini akamwambia, "Mimi sikusema." Musau akamgeuzia uso, macho yenyewe hayakuwa yakiona vizuri, akasema, "Haya, basi, nimesikia," akamwomba amkunjulie shuka miguuni, na Mbinya akarudi na maji. Tarehe 19 Machi 1998, Alhamisi, alfajiri, akafariki, mkewe amekaa kwenye kiti kando yake kama mgeni.

Kwa hiyo, Mbinya, wifi, mumeo hakuwa na mwanamke, alikuwa na ugonjwa na aibu ya kuugua, na miezi kumi na miwili uliyolala chumba cha watoto ulilazwa huko na wifi yako, hapa, mstari wa mbele, mwenye kitambaa cheusi, si na yule aliye nje ya geti. Geti na lifunguliwe. Gari la familia lina nafasi kumi na nne na zimejaa, Kathini anampa Batulo nafasi yake, iliyo karibu na jeneza, naye atapanda lori la kwaya, si kwamba ameanza kumpenda, hajafika huko, ila nafasi ile ni ya mtu aliyejua kwamba Musau anaumwa na akafunga mdomo.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kuanzia Januari, majirani wa Mowlem waliokesha, akina mama wa Shauri Moyo waliopika, ambao sasa wamesikia na wanaombwa wayapeleke haya kwa mbio zile zile walizopelekea yale ya kwanza, wenzake wa zamu waliochangia gari, na Wekulo wa Jinja, aliyesafiri siku nzima kwa basi, na ambaye jana, jeneza lilipofunuliwa, aliuona uso wa mwenzake kwa mara ya kwanza.

Musau, mtoto wa mama, lile swali uliloniuliza kitandani nilikujibu uongo, jibu lake ni ndiyo. Pumzika kwa amani.